Kisanduku Kitupu

Kope ndizo zilizotangulia. Mwenzangu wa zamu aliingia kazini Jumatatu asubuhi macho yamevimba kama mtu aliyekesha akilia, nasi tukamtania, tukamuuliza ni nani aliyemliza wikendi. Akacheka. Yeye alidhani ni uchovu, mimi nikadhani ni mafua. Ilipofika saa nne, ngozi ya shingo, pale kola ya ovaroli inapogusa, ilikuwa imewiva na kuanza kutoa vipele vidogo vyenye maji. "Kaka," akaniambia, "nawashwa mpaka nasikia hasira."

Alikuwa amepima unga uleule kwa karibu miezi mitatu. Unga mweupe, mwepesi, usio na harufu, unaopanda hewani ukifungua tu mfuko. Miezi mitatu bila hata mwasho mmoja. Kwa hiyo tulipoanza kutafuta mchawi, unga ule haukutajwa. Tuliituhumu sabuni mpya ya kufulia ovaroli, tukazituhumu glavu, na yupo aliyesema ni kitu alichokula. "Huu tumezoeana," mwenzangu alisema akiuelekezea kidole unga. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi tangu siku ile, maana mzio wa ngozi ni ugonjwa wa waliozoeana. Mgeni hupita salama, mwenyeji ndiye anayeadhibiwa.

Nilikwenda kufungua karatasi ya usalama ya unga ule. Kifungu cha 11, kile cha sumu, kina mstari wa mzio wa ngozi, na kwenye kisanduku chake yalikuwamo maneno mawili: "Hakuna taarifa." Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyekuwa ameupima. Ila sote tuliokuwa tukiushika kila siku tulikuwa tumeyasoma maneno yale kana kwamba yameandikwa "Hakuna tatizo."

Asiyefanya kazi kwenye kiwanda cha dawa huenda akashangaa. Dawa si ndicho kitu kinachopimwa kuliko vyote? Ndiyo, dawa hupimwa. Kidonge unachomeza kimechunguzwa kwa miaka kabla hakijafika mkononi mwako. Lakini molekuli iliyomo ndani yake haikuzaliwa kwa mkupuo. Imepitia hatua saba, nane, pengine zaidi ya kumi, na kila hatua ina kemikali yake inayozaliwa kwenye tangi moja na kufia kwenye tangi linalofuata. Kazini tunaziita za kati. Mgonjwa hakutani nazo; husafishwa, na mabaki yake hubanwa kwa viwango vikali. Anayekutana nazo ni yule anayezipakua kwenye kichujio, anayezikausha, anayezipima, anayeosha tangi, na fundi anayeitwa usiku kufungua pampu iliyoziba. Hao wote ukiwakusanya huenda wasijaze basi dogo. Kemikali ya watu wachache namna hiyo, ambayo mwakani huenda isitengenezwe tena, nani ataigharamia upimaji?

Na za kati ni kali kwa makusudi. Mkemia anapopanga safari ya molekuli anahitaji kila mara kitu chenye upande mmoja wenye njaa ya elektroni, ili kikikutana na mwenzake mwenye elektroni za kugawa kimshike kisimwachie. Ndiyo kazi ya kloridi za asidi, ya aldehidi, ya halidi za alkili na jamaa zao wengi. Kemikali isiyoshika kitu haimfai. Sasa itazame ngozi: protini zake zimejaa sehemu zenye elektroni za kugawa, hasa salfa ya sisteini na nitrojeni ya lisini, mbili kati ya asidi amino zinazoijenga protini. Molekuli haina macho ya kujua kama iko tangini au kwenye kifundo cha mkono wa mtu. Inashika tu.

Kushika huko ndiko mwanzo wa yote. Molekuli ndogo ikiwa peke yake haisumbui kinga ya mwili, ni kama kokoto barabarani. Ikijibandika kwenye protini, protini ile huonekana ngeni, na kinga huanza kuuliza maswali. Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu, pamoja na mwenzake John Jacobs, walilionyesha jambo hili katikati ya miaka ya 1930 kwa kutumia simbilisi. Walichukua kemikali za jamii moja, zinazofanana kama ndugu, wakaona kwamba zile zenye klorini inayong'oka kirahisi ndizo zilizozua mzio, na zile zilizoing'ang'ania klorini yao hazikuzua. Kwa maneno mengine, kemia ya ndani ya chupa ilitabiri ugonjwa wa ngozi. Kazi yangu kiwandani ni kupima kama kemikali inazua mzio, na vipimo vingi ninavyofanya leo ni wajukuu wa jambo hilo moja.

Lililonitatiza zaidi nilipoanza kazi hii ni kimya cha mwanzo. Kemikali ikishajibandika, seli za ngozi ziitwazo seli za Langerhans huibeba habari hiyo hadi kwenye tezi za limfu. (Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa tiba mjini Berlin, na akadhani ni sehemu ya mfumo wa neva. Kosa la heshima kabisa, maana zina matawi kama ya neva.) Huko kwenye tezi huzaliwa jeshi la seli T linaloitambua kemikali ile na kuikumbuka. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili, na katika muda wote huo ngozi iko shwari. Hakuna mwasho wala wekundu. Tena kwa kemikali isiyo kali sana mtu anaweza kuigusa miezi, hata miaka, kabla jeshi halijatimia. Likishatimia, mguso mdogo unatosha, na hata hapo jibu halitoki papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu. Mwenzangu alikuwa na zamu ya Jumamosi, na kope zikaja kutoa ushahidi Jumatatu. Katikati alikuwa ameoga, amelala, amekula, amebadili shuka. Ukimuuliza ni nini kilichomdhuru, kwa nini aikumbuke Jumamosi?

Kope na shingo nazo zilikuwa zikisema jambo. Glavu alivaa. Unga uliomfikia ulipitia hewani, ukatua pale ngozi ilipo nyembamba au pale nguo inaposugua. Daktari wa ngozi aliyezoea kazi za viwandani husoma ramani hiyo haraka: mikononi maana yake umegusa, usoni na kope maana yake umevumbiwa.

Mambo haya si mapya katika fani ya dawa. Wauguzi waliokuwa wakiandaa sindano za streptomaisini miaka ya 1940 na 1950 walipata ugonjwa wa ngozi mikononi, na baadaye yakawakuta yaleyale waliokuwa wakishughulika na klopromazini. Viwandani wamekuwapo waliopata mzio kwa azathiopirini, kwa omeprazoli, kwa azithromaisini na kemikali zake za kati. Penisilini ndiyo inayojulikana kuliko zote, kiasi kwamba hutengenezwa katika majengo yake yenyewe yenye hewa yake yenyewe, vumbi lake lisije likaingia katika dawa ya mtu mwingine. Na ukitaka kumuona mkemia wa peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, akiwa mpole ghafla, mtajie vitendanishi vya kuunganishia, hasa jamii ya kabodiimidi. Wengi wanamjua mwenzao asiyeweza tena kuingia chumba ambamo chupa yake imefunguliwa.

Kwa miaka mingi swali la mzio liliulizwa kwa wanyama. Mwaka 1965 alitokea mtafiti Buehler na njia yake ya kubandika kemikali juu ya ngozi ya simbilisi. Mwaka 1969 Magnusson na Kligman wakaja na njia kali zaidi, ya kuidunga pamoja na kichocheo cha kinga ili hata kemikali dhaifu ijitokeze. Majibu yalisomwa kwa macho: ngozi imewiva kiasi gani, imevimba kiasi gani. Kisha kikaja kipimo cha tezi za limfu za panya, ambacho OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi mbalimbali linalotoa miongozo ya kupima kemikali, ilikipitisha kuwa mwongozo namba 429 mwaka 2002. Hicho ndicho nilichokikuta. Unapaka kemikali nyuma ya masikio ya panya siku tatu mfululizo, siku ya sita unamdunga thaimidini, kijenzi cha DNA, yenye mionzi hafifu, kisha unatoa tezi na kuhesabu seli zimezaana kiasi gani. Zikizaana mara tatu ya kawaida au zaidi, kemikali inahesabiwa kuwa inazua mzio. Kilichobaki kichwani mwangu ni harufu. Kemikali nyingi tuliziyeyusha katika mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya zeituni, nne kwa moja, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta hayo naviona vizimba.

Sikuwa mtetezi wa haki za wanyama, na sitajifanya kwamba nilikuwa. Lakini hata ukiweka huruma kando, kipimo kile hakikuifaa kazi yetu. Kilitaka kemikali nyingi kuliko tuliyokuwa nayo, kilitaka wiki kadhaa na makaratasi, na kilipoleta jibu mara nyingi mkemia alikuwa ameshabadili njia na kemikali yenyewe haitengenezwi tena. Matokeo yake zilipimwa chache, na visanduku vya nyingine zote vikabaki vitupu. Sifa yake moja kubwa, na hii naikiri, ni kwamba kilitoa namba. Ulijua ni asilimia ngapi ya kemikali inayohitajika kufikia ile mara tatu. Ikiwa ni asilimia 2 au chini ya hapo, hiyo ni kali, inaingia daraja la 1A. Ikizidi, 1B.

Vipimo vipya tumevirithi kutoka kwa watu wa vipodozi. Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kabisa mwaka 2013 kwa vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama, ilibidi njia nyingine zikomazwe, na sisi wa dawa tukadandia. Wazo lake ni la kulivunjavunja lile swali moja kubwa. Badala ya kumuuliza mnyama mzima "je, utaugua?", unaziuliza hatua za ugonjwa mojamoja. Je, kemikali inashika protini? Je, inazishtua seli za juu ya ngozi? Je, inaziamsha seli zinazobeba habari?

Ninachokipenda ni cha kwanza, cha peptidi, pengine kwa sababu hakina kiumbe hai ndani yake na mimi ni mkemia. Unachukua peptidi mbili fupi, moja ina sisteini, nyingine ina lisini. Kila moja unaichanganya na kemikali yako kwa wingi wa kutosha, mara kumi kwa ya sisteini na mara hamsini kwa ya lisini, unaacha gizani kwa saa 24, kisha unapima peptidi iliyobaki. Wastani wa upotevu ukizidi asilimia 6.38, kemikali imeshika. Kinahitaji miligramu chache tu. Kina vituko vyake pia. Sisteini huweza kushikana yenyewe kwa yenyewe, ukadhani kemikali imeila. Kemikali nyingine haziyeyuki, zinatuama chini ya kichupa kama mchanga. Na kuna siku kemikali inatoka kwenye mashine ya kuzitenganisha dakika ileile inayotoka peptidi, zinapandana, na unakaa unaitazama milima miwili ya grafu iliyogeuka mmoja bila kujua nani ni nani.

Cha pili hutumia seli za juu ya ngozi zilizopandikizwa jeni ya kutoa mwanga. Seli zikishtuliwa na kemikali inayoshika protini, kengele yao ya ndani hulia na mwanga hupanda. Cha tatu hutumia seli za damu ziitwazo THP-1, na hutazama kama alama mbili, CD86 na CD54, zimeongezeka juu ya ngozi ya seli. Seli hizo zilitoka kwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu. Zimeendelea kugawanyika maabara kwa miongo kadhaa. Siku nyingine nikizitoa kwenye kabati la joto la mwili zinamokuzwa humuwaza, kisha kazi inanimeza.

Mwaka 2021 OECD ilitoa mwongozo namba 497 unaoeleza namna ya kuviunganisha. Njia rahisi kuliko zote ni mbili kwa tatu: fanya viwili, vikikubaliana umemaliza, vikigombana, cha tatu kinaamua. Ni kama wazee wa baraza, na kama baraza lolote, unapaswa kujua kila mzee ana upofu gani. Zipo kemikali ambazo zenyewe hazishiki kitu mpaka ngozi izibadili, au mpaka zikae na hewa. Limonini, ile ya maganda ya limau, ikiwa mbichi ni dhaifu. Ikishaliwa na oksijeni hugeuka kitu kingine. Kipimo cha peptidi kinaweza kuipita hivihivi. Ndiyo maana jibu la "hasi" huwa nalisoma polepole na mchoro wa molekuli mezani, nikijiuliza ini, ngozi au jua vingeifanya nini. Jibu la "chanya" huniletea kazi ndogo zaidi.

Unga wa mwenzangu ulikuwa na jibu la aina hiyo. Uliletwa kwangu wiki mbili baada ya kope zile, miligramu mia moja na kitu katika kichupa cha kahawia. Peptidi ya sisteini ilikuwa imekwisha karibu yote. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Ikaisha tena. Seli za mwanga nazo zikawaka. Wa tatu hatukufika hata kumuita. Kazi yote ilikuwa imechukua siku chini ya kumi, na nilipoandika jibu nilishikwa na aibu ambayo sijaweza kuieleza vizuri kwa mtu. Ningeweza kulipata miezi mitatu kabla, kwa unga usiojaza kijiko cha chai.

Yeye wakati huo alikuwa amepewa barua ikisema hana mzio wowote. Daktari alikuwa amembandika mgongoni vibandiko vya kawaida, njia ambayo daktari wa ngozi Jadassohn aliianzisha mwaka 1895: kemikali kidogo chini ya plasta, saa 48, unabandua, unasoma, unasoma tena baada ya siku mbili tatu. Lakini seti ile ya kawaida ina nikeli, ina manukato, ina kemikali za mpira, ina vihifadhi. Unga wa kiwanda chetu haumo, na ungewezaje kuwamo? Bila kumpelekea daktari kemikali yenyewe, jibu lingebaki kuwa "hana." Tukampelekea. Hapo pia pana hatari, kwa sababu kubandika kitu kikali kisichojulikana kunaweza kumpa mtu mzio ambao hakuwa nao, kwa hiyo alianza na dozi iliyopunguzwa mara nyingi sana na kupanda taratibu. Hakupanda mbali. Kibandiko cha dozi ya chini kabisa kiliacha duara jekundu lenye malengelenge ambalo mwenzangu alinionyesha kwa simu, kwa fahari kidogo, kama mtu aliyeambiwa hatimaye kwamba hakuwa mwongo.

Swali lake la kwanza baada ya hapo halikuwa la kazi. Aliuliza: "Je, siku moja nikihitaji dawa yenyewe, nitaweza kuimeza?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye mikutano. Jibu lake liko kwenye mchoro. Ikiwa ule upande wenye njaa bado umo kwenye dawa ya mwisho, au umbo linafanana vya kutosha kwa seli T kudanganyika, wasiwasi ni halali. Kwa unga huu upande ule ulikuwa umetumika katika hatua iliyofuata na haukuwapo tena. Nilimweleza hivyo, nikamwambia pia asiyameze maneno yangu bila ya daktari wake, na habari hiyo iandikwe kwenye faili lake.

Hakurudi chumba cha kupimia. Seli T zile hazisahau, na hakuna dawa ya kuzisahaulisha. Dawa iliyopo ni kukaa mbali. Alipelekwa upande wa kufungasha, mshahara uleule, ila ile nyongeza ya zamu za usiku ikamponyoka. Hilo halijaandikwa kwenye kifungu chochote cha karatasi ya usalama.

Nina manung'uniko mawili madogo. La kwanza ni alama. Kemikali inayozua mzio wa ngozi hupewa alama ya mshangao, ileile inayopewa kitu kinachowasha kidogo na kuisha. Sentensi ya onyo, H317, ni moja kwa kali na kwa dhaifu. Mtu aliyezoea kuona mshangao kwenye kila chupa anauonaje huu? La pili ni glavu. Watu huzichukulia kama ukuta. Glavu za nitraili za kutumia na kutupa hupitwa na dikloromethani ndani ya dakika chache, na kiyeyusho kikipita hubeba kilichoyeyuka ndani yake na kukifungia pale pale, joto na jasho juu yake. Kikulacho ki glavuni. Nimewaona hata wanaosafisha vidole kwa asetoni baada ya kuchafuka, jambo ambalo huondoa mafuta ya ngozi na kuiachia kemikali mlango wazi.

Tulichobadili hakikuwa kikubwa. Kisanduku hakiandikwi tena "Hakuna taarifa." Kinaandikwa "Haijapimwa, ichukuliwe kuwa inazua mzio," na maneno hayo yanamlazimu msimamizi kupeleka upimaji wa unga kwenye kabati lililofungwa mpaka mimi nitoe jibu. Walilalamika kwamba inachelewesha. Inachelewesha kweli, siku kumi hivi. Wakemia nao wameanza kuleta vichupa mapema, wengine hata kabla hawajaamua njia, na mara mbili wamechagua njia nyingine baada ya kuona peptidi imeliwa.

Juzi nimeletewa kingine. Miligramu mia mbili, unga wa manjano, lebo haina jina, ina herufi tatu na namba, na chini yake imeandikwa "haraka" kwa kalamu nyekundu. Kijana aliyekileta alikuwa amekishika kwa vidole vitupu, na kwenye kizibo palikuwa na vumbi la manjano. Nikakiweka chini ya kabati la hewa, nikamwonyesha lilipo sinki.

"Kanawe kwanza," nikamwambia. "Kwa sabuni, si kwa asetoni."